Mama Yangu Hakai Tu

Mwezi wa kumi mwaka jana nilikuwa jikoni kwetu, komini ya Katuba hapa Lubumbashi, nikijaza fomu ya kuandikishwa kwa mwaka mpya wa masomo. Fomu hiyo mnaijua, sote tumeijaza: jina la baba, kazi ya baba; jina la mama, kazi ya mama. Kwa baba niliandika «électricien», ijapokuwa kampuni aliyoitumikia ilifunga milango nilipokuwa darasa la tano la shule ya msingi, na tangu hapo anafanya kibarua chochote anachokipata. Kwa mama niliandika «ménagère». Sikufikiri hata kidogo. Neno lilitoka lenyewe kwenye kalamu, kama lilivyotoka miaka yote iliyotangulia.

Niliiacha fomu mezani, pembeni ya beseni la sombe, nikaenda kuteka maji. Niliporudi, mama alikuwa ameishika mkononi, sindano zake mbili za kufumia akiwa amezibana kwapani. Alikuwa anasoma polepole, akifuata mstari kwa kidole.

«Papa,» aliniambia, maana ndivyo akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, «minervali ya mwaka ilipita, ni nani alilipa?»

«Ni weye, mama.»

«Nililipa na nini?»

«Na ma-triko.»

«Sasa hapa umeandika nini?»

Sikuwa na jibu. Hakukasirika. Alirudisha karatasi mezani, akaketi, akaendelea na safu aliyokuwa ameiacha katikati. Nami, kwa aibu ambayo ninayo hadi leo, niliipeleka fomu ofisini kama ilivyokuwa, kwa sababu siku ya mwisho ilikuwa hiyo hiyo na sikutaka kupanga mstari mara ya pili.

Makala hii ni sehemu ya kulipa deni hilo. Lakini sikuiandika kwa ajili ya mama peke yake. Naandika kwa sababu sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunajivunia kupima maneno, na kumbe maneno tunayowawekea watu wanaotulea hatuyapimi. Tunaandika katika fomu, tunaandika katika hojaji za utafiti, tunasema barazani: huyu hana kazi, huyu anakaa tu nyumbani. Ninaloshikilia ni hili: jambo ambalo neno limelificha ni rahisi kuibiwa, na kitu anachoibiwa mama yangu kila siku ni muda wake.

Nianze na siku yake. Mama huamka saa kumi na nusu alfajiri. Anafagia ua, anawasha mbabula, anapasha maji ya baba. Wajukuu wawili wanaoishi kwetu wanaogeshwa na kupelekwa shuleni. Ikifika saa mbili anaweka kiti chake mlangoni, mahali penye mwanga, na kazi ya uzi inaanza. Uzi wenyewe yeye huuita «leni», kutoka Kifaransa. Kufuma hasemi, husema «kutrikote». Anafuma pulova za buluu za wanafunzi, na seti za watoto wachanga: kikoti, kofia, soksi. Sindano zinashuka chini pale tu panapokuwa na sababu: sufuria ya maharagwe, mtoto aliyeanguka, mgeni, soko, bukari ya mchana. Zinarudi mkononi kabla hajakaa vizuri. Jioni, umeme ukiwepo, anafuma chini ya taa. Usipokuwepo, anafuma safu zile zisizo na hesabu, kwa kupapasa.

Mwezi wa tano, baridi yetu ilipoanza kuingia na watu kukumbuka pulova, nilichukua daftari nikahesabu saa zake kwa juma moja, toka Jumatatu mpaka Jumapili. Nilihesabu tu dakika ambazo sindano zilikuwa zinatembea. Zilifika saa 31. Katika saa hizo alimaliza seti moja ya mtoto mchanga na pulova moja ya shule. Seti iliuzwa dola 12, pulova dola 10. Uzi wa vyote viwili ulikuwa umemgharimu dola 9. Zikabaki dola 13. Gawanyeni wenyewe: ni chini ya nusu dola kwa saa.

Nilimwonyesha hesabu hiyo nikidhani nitamshangaza. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: «Na saa za bukari, ulizihesabu?» Sikuwa nimezihesabu. Hata mimi niliyekuja na daftari kwa nia nzuri nilikuwa nimeona kazi moja na kuiruka nyingine.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo penye taaluma yetu. Kitenzi kinachomtesa mama yangu ni kukaa. Sisi Lubumbashi tunasema «kuikala», na wanaisimu wanajua kwamba umbo letu liko karibu zaidi na mzizi wa zamani wa Kibantu. Pwani walipoteza ile l, wakabaki na kaa; huku imebaki hai, pengine kwa kuegemea Kiluba na Kibemba, ambazo nazo zinayo. Katika lugha zote hizi kitenzi kimoja kinabeba maana nyingi: kuketi kitini, kuishi mahali, kubaki, kudumu. Ni utajiri, na simlaumu mzee yeyote aliyetuachia. Tatizo linakuja tunapobandika kineno kidogo mwishoni: tu. «Anaikala tu.» Hapo kuketi, kuishi na kutokuwa na shughuli vinakuwa kitu kimoja. Fundi wa viatu anaketi, karani anaketi, profesa akiandika kitabu anaketi. Hakuna anayesema wanaikala tu. Mfumaji anaketi katika nyumba anamoishi, basi kitenzi kinamkamata mara mbili.

Upande wa pili kuna kitenzi chetu cha kazi. Mtu wa Lubumbashi hasemi sana «ninafanya kazi». Anasema «niko natumika». Kitazameni vizuri. Kutumika kumetoka kwa kutuma. Anayetumika ni yule aliyetumwa, yule ambaye kuna mtu au kampuni inayemtumia. Katika mji huu kitenzi hicho kina historia yake. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kwa vizazi vitatu kazi ilikuwa na sura moja: king'ora cha asubuhi, namba ya mfanyakazi, posho, mshahara wa mwisho wa mwezi. Aliyekuwa na namba alikuwa anatumika. Wengine walikuwa watu wake. Mwaka 1973 Johannes Fabian alichapisha makala nzima juu ya neno moja, kazi, jinsi lilivyosemwa na wafuasi wa Jamaa, harakati ya kidini iliyokua kati ya wafanyakazi wa migodi wa huku kwetu kwa mafundisho ya Padri Placide Tempels. Kwa hiyo kusema kwamba neno hili ni zito Katanga si uvumbuzi wangu. Ninachoongeza ni kwamba uzito huo uliwaelemea wanawake kwa namna ya pekee.

Kwa maana mama alijifunza kufuma kwa nkambo, mama yake, na nkambo alifundishwa na masista alipokuwa mke kijana katika kambi ya wafanyakazi. Wakati wa Wabelgiji palikuwa na nyumba za mafundisho kwa wanawake, foyers sociaux, ambamo walifunzwa kushona, kupika, kupiga pasi, kutunza mtoto mchanga. Ufundi wa sindano ulikuja kwetu kwa njia hiyo: kama adabu ya mke mwema, mapambo ya nyumba ya mtu anayetumika. Mwanamke alipewa ufundi kamili, wenye hesabu na vipimo, akaambiwa wakati huo huo kwamba si kazi. Kampuni ikaja ikaanguka, mshahara wa mume ukakatika, na ufundi ule wa mapambo ndio ukawa unanunua unga. Maisha yakageuka, lakini neno halikugeuka. Ukiuliza mtaani kwetu leo, baba ambaye hajapokea mshahara miaka mingi bado ni fundi umeme, na mama anayelipa minervali ni ménagère.

Na kuna jambo la kuchekesha kwetu sisi wanafunzi. Hatuwezi kumaliza somo moja bila kutaja neno mfumo: mfumo wa sauti, mfumo wa ngeli, mfumo wa elimu. Neno hilo limetoka katika fuma, kitenzi kile kile cha kuushika uzi na kuupitisha mpaka uwe nguo. Kutoka fuma tunapata fumua, kauli ya kutendua, kama fungua kutoka funga. Kutoka fumua tunapata fumuka. Na redio kila juma inatangaza mfumuko wa bei, yaani bei zimeachia kama triko iliyokatika uzi. Wenye Kilatini watatukumbusha kwamba textus, iliyowapa Wafaransa texte, ni kitu kilichofumwa. Tumejenga taaluma yetu yote kwa msamiati wa ufundi huu, kisha mwenye ufundi tunamwandikia kwamba hana kazi.

Mtu anaweza kusema: sawa, ni neno tu, linamdhuru nini? Nitajibu kwa mifano miwili, ya matembezi na ya safari.

Mama anapenda kutoka. Jumapili baada ya misa anapitia kwa watu: kuna mtoto aliyezaliwa, kuna mgonjwa, kuna mkutano wa likelemba ya akina mama kumi na wawili. Katika kila matembezi mfuko wa sindano uko begani. Wenye nyumba wanafurahi, wanasema mama huyu ana moyo mtulivu, hakosi kitu cha kuchezea. Mwaka jana tuliwapeleka wajukuu kwenye bustani ya wanyama. Sisi tulizunguka na watoto kutoka kizimba hadi kizimba, mama akaketi kwenye benchi akafuma. Dada yangu akapiga picha, akaituma kwa ndugu, na chini yake akaandika kwamba mama anapumzika. Mama alikuwa hapumziki. Ilikuwa Jumapili, na pulova mbili zilikuwa zinangojewa Jumatatu asubuhi. Nilimwuliza siku hiyo jioni kama aliona simba. Akasema alimsikia.

Kwa kuwa kazi yake inabebeka, kila mtu anadhani haina mahali pake wala saa yake. Ndiyo sababu anatumwa kuliko mtu yeyote nyumbani. «Mama, weye uko naikala, unichungie mtoto.» «Mama, kwa kuwa uko pale, uangalie nyanya zangu.» Akifika kwenye shingo ya pulova, pale anapopunguza vitanzi pande mbili kwa hesabu, hawezi kujibu mtu, anainua kidole kimoja, akimaliza safu ndipo anasema. Mama jirani mmoja alichukia kidole hicho, akatangaza kwamba mama yangu ana majivuno. Hakuna anayemlaumu muuza duka kwa kuhesabu pesa kimya. Tazameni basi hali ilivyo: kitenzi kutumika kinamkataa kwa kuwa hakuna aliyemtuma, na papo hapo mtaa mzima unamtuma.

Mfano wa pili ndio unaoniuma. Dada mkubwa wa mama, ambaye mimi namwita mama mukubwa, anaishi Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Hawajaonana kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2022 mama ana mpango wa kwenda: treni kupitia Kamina na Kabalo, safari ambayo watu huihesabu kwa siku na si kwa saa, halafu mwezi mmoja kwa dada yake, halafu kurudi. Alianza kwa kumfumia zawadi, sweta ya rangi ya kahawia yenye vifungo. Sisi tulimcheka, tukamwambia Kalemie kuna joto, nani atavaa sweta? Alijibu kwamba dada yake huenda ufukweni alfajiri kununua ndagala, na upepo wa ziwa saa hizo hauulizi kama mji ni wa joto. Sweta ilimalizika mwaka ule ule. Iko juu ya kabati ndani ya sashe, na kila baada ya miezi michache mama anaitoa, anaitikisa vumbi, anairudisha.

Mwaka 2022 palitokea kilio cha mjomba, na pesa ya nauli ikaenda msibani. Hilo ni la Mungu, hatuna neno. Mwaka 2023 dada yangu alijifungua, na kikao cha ndugu kikaamua kwamba mama ndiye atakayekaa na mzazi miezi mitatu, «kwa maana yeye hana kazi inayomshika». Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu nilikuwepo, na mimi nilitikisa kichwa kukubali. Wenye maagizo yao ya pulova walingoja, wakachoka, wakaenda kununua mitumba. Wengine hawakurudi tena. Mwaka 2024 zamu ya mama katika likelemba ilifika, na pesa ile ilikuwa ya Kalemie. Ni pesa hiyo iliyolipa minervali yangu. Mimi ndimi niliyeila Kalemie, kisha nikachukua kalamu nikaandika ménagère.

Mama mukubwa hupiga simu Jumamosi. Anauliza, «Unakuya lini?» na mama anajibu kila mara kwa neno moja: «Nikimaliza hii.» Nikiwa mwanafunzi wa sarufi nilijiuliza hiyo «hii» inarudi kwenye nomino gani. Triko? Kazi? Shida? Msimu? Hakuna nomino iliyotangulia. Ni kiashiria kilichosimama peke yake, na kila Jumamosi kinaelekeza kwenye kitu kingine.

Nimejadiliana na wenzangu juu ya jambo hili, na pingamizi zao nitazitaja kwa haki.

Wa kwanza aliniambia: mama yako anapenda kufuma, ukiita kazi utamwondolea raha yake. Ni kweli anapenda. Akipata rangi mpya ya uzi anaishika shavuni kama mtoto. Lakini baba naye alipenda umeme; bado anazungumzia nyaya kwa upendo. Kampuni haikuwahi kumkata mshahara kwa hoja kwamba anafurahia. Kupenda kazi hakuigeuzi kuwa mchezo.

Wa pili alikuwa mkali zaidi: mama yako mwenyewe husema «miye naikala tu», basi wewe ni nani umbadilishie maneno kinywani? Pingamizi hili lilinisumbua usiku kadhaa. Ni kweli, akiulizwa na mgeni anafanya nini, husema hivyo hivyo. Lakini nimemsikiliza kwa makini. Kwa mgeni anasema anaikala. Kwa mteja anayetaka kupunguza bei, hasemi anaikala, anasema, «Mikono yangu haikupewa bure.» Mtu huyo huyo, asubuhi hiyo hiyo. Neno la kwanza ni la unyenyekevu, ndilo alilopewa. La pili amelitunga mwenyewe, kwa kuwa alilihitaji. Mtafiti anayechukua la kwanza peke yake amechukua nusu ya ushahidi.

Wa tatu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliuliza kama neno jipya litaongeza hata dola moja. Peke yake, hapana. Sidanganyi mtu. Hata hivyo niliona kikao cha ndugu kikiamua miezi mitatu ya mtu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilisimama juu ya neno moja. Kama mama angekuwa na neno lake pale, ingewabidi kwanza waulize: maagizo yako yatakuwaje? Pengine angekwenda vile vile, kwa kuwa mjukuu ni mjukuu. Lakini wangeuliza, na kuulizwa si kitu kidogo.

Sasa nageukia kitivo chetu, kwa maana si haki kumlaumu karani wa fomu tukajiacha wenyewe. Nina mambo matatu ya kupendekeza.

La kwanza ni hojaji zetu. Tunapokwenda mitaani kuchunguza lugha, tunaanza na umri, lugha ya mama, elimu, kazi. Kwa wanawake wengi tunaandika «hana» na kupita. Tujaribu swali jingine: tangu asubuhi mikono yako imefanya nini? Nililijaribu kwa wanawake saba wa mtaa wetu waliokuwa wameniambia hawana kazi. Hakuna hata mmoja aliyekosa jibu: mmoja anauza makala, mwingine anasuka nywele, mwingine anakaanga mikate. Na kwa faida yetu ya kitaaluma, hapo ndipo maneno yalipoanza kumiminika.

La pili ni mada za kazi zetu za mwisho wa masomo. Tunakusanya methali na hadithi za wazee, na ni vema. Lakini lugha ya fundi nayo ni lugha. Namna mama anavyochanganya Kifaransa cha masista, Kiswahili cha Katuba na hesabu za Kiluba alizofundishwa na nkambo, haimo katika kamusi yoyote niliyoishika katika maktaba yetu. Kuachia safu iliyokosewa yeye anasema «kufungula», hasemi kufumua. Anaposema triko «inalala» ana maana imenyooka bila kujikunja pembeni. Hayo niliyapata kwa siku chache tu, na sikutoka nje ya ua wetu. Nani anaandika ya washonaji, ya wasuka nywele, ya wauza ndagala?

La tatu ni muda wa watu tunaowahoji. Nilipomwomba mama anipe saa mbili za kurekodi msamiati wake, alinitazama, akanitupia fundo la uzi lililovurugika, akasema: «Shika hii. Weye unafungula, miye nasema.» Nilirekodi huku nikifungua fundo, na uzi ule ulinimaliza kabla sijaumaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa bei, na ilikuwa halali. Tangu siku hiyo najiuliza ni saa ngapi tumezichukua bure kwa akina mama kwa kudhani wanakaa tu, na katika ukurasa wa shukrani tukawaandika «watoa habari wetu» bila kuwapa hata sukari.

Nilipomwambia mama kwamba ninaandika makala juu yake, aliuliza kama ni ya kupikia. Kwetu, mnajua, makala ni yale yanayoingia kwenye mbabula. Nilimweleza ni maandishi. Akasema: afadhali yangekuwa ya kupikia, gunia limepanda bei.

Fomu ya mwaka kesho itafika mwezi wa kumi, na safari hii nitaandika «tricoteuse». Karani anaweza kuniuliza kama hiyo ni kazi; nitamjibu bila ukali, nitamwambia habari za saa 31. Lakini sitaki kungoja mwezi wa kumi. Baridi ikipungua mwezi wa nane, maagizo nayo yanapungua, na huo ndio wakati wa treni. Pesa ya nauli safari hii haiko katika likelemba peke yake. Iko katika kopo, na sehemu ya pesa hiyo ni yangu, niliyoipata kwa kupiga chapa kazi za wenzangu. Dada yangu amekubali kuwachukua wajukuu kwa mwezi mmoja. Hatujui bado kama tarehe ya treni itashika.

Kwa sasa nina kazi moja ndogo. Asubuhi nikiwa sina somo, mimi ndiye ninayefungua lango. Wanakuja na mtoto wa kuchungwa, na nyanya za kulindwa, na ombi la kusindikizwa sokoni. Wanauliza mama yuko wapi, na huku wanamwona, hatua tano nyuma yangu, kwenye kiti chake mlangoni, kidole kimoja juu, akihesabu shingo ya pulova. Nami nawajibu: «Mama yuko kwenye kazi. Rudini saa sita.»